Habari za Asubuhi, Dada

Jumatano, 3 Julai 1996

Daktari aliyenitia goti la chuma ametaka nitembee baharini kila asubuhi, maji yafike mapajani, na niandike dakika. Kwa hiyo daftari hili ni la dakika. Leo sifuri. Leo tumefika tu.

Tuko Cefalù hadi mwisho wa Agosti. Vyumba viwili na jiko, ghorofani, kwenye uchochoro wa nyuma ya kanisa kuu. Mwenye nyumba ni mjane, Bi Melina, ambaye hukaa kitini mlangoni pake kutwa nzima akiuliza kila apitaye anakwenda wapi.

Enza alikuwa ameshafika. Jina lake naliandika kwa sababu hii ni karatasi. Kwa mdomo sijalitaja tangu Januari 1974, mama alipokufa. Ni mdogo wangu, tumbo moja, Provvidenza kwa jina la ubatizo. Aliolewa na Calogero akamfuata Ubelgiji kwenye migodi ya makaa mwaka 1958, na huko yuko hadi leo. Binti yangu Loredana ndiye aliyempigia simu.

"Mama, mimi nina zamu hospitalini Palermo, siwezi kukaa nawe," aliniambia. "Chagua. Ama mama mdogo, ama masista wa nyumba ya wazee."

"Masista."

"Masista hawana bahari."

Enza amezeeka. Nywele amezikata fupi kama za mwanamume. Aliinuka nilipoingia, akafuta mikono. "Habari za mchana, dada."

Niliweka mkoba wangu kwenye kitanda cha karibu na dirisha.

4 Julai

Dakika tano. Mimi ni mtu wa Gangi, wa milimani. Bahari tuliiona siku za mbingu safi, kipande chembamba kama bati, huko chini mbali. Sijawahi kuingia zaidi ya magoti. Mapaja ni mbali sana. Totuccio, anayekodisha miavuli, alinishika kiwiko.

"Mama, bahari ya hapa haina meno."

"Wewe angalia miavuli yako."

Asubuhi Enza alisema, "Habari za asubuhi, dada." Sikujibu.

5 Julai

Dakika sita. Salamu moja. Sikujibu.

8 Julai

Dakika nane. Enza huogelea kila asubuhi hadi kwenye boya la manjano na kurudi. Totuccio anasema alijifunza huko Ubelgiji, kwenye bwawa la manispaa, akiwa na miaka arobaini. Amejuaje? Ameambiwa. Enza huongea na kila mtu. Mimi peke yangu ndiye ninayepata salamu tu, kwa kuwa hapewi nafasi ya zaidi.

11 Julai

Chumvi imeisha. Niliinama dirishani nikamwambia Bi Melina aliyekuwa chini, "Mwambie huyo akitoka alete chumvi."

Bi Melina akainua kichwa. "Huyo yuko nyuma yako, shoga. Namwona kichwa."

"Mwambie tu."

"Bi Enza, unaambiwa ulete chumvi na mtu aliye hatua mbili kutoka kwako."

"Nimesikia, Bi Melina," Enza alisema nyuma ya sikio langu. "Mwulize ya mawe au ya unga."

"Ya mawe," niliiambia njia.

14 Julai

Dakika kumi na mbili. Jikoni pana sufuria mbili, yangu na yake, kila moja moto wake. Jana alikaanga biringanya, akatia siki na sukari kama alivyofanya mama, akiacha siki ichemke hadi macho yanawasha. Nilikula tambi zangu na mafuta matupu. Alibakiza sahani iliyofunikwa mezani. Asubuhi hii ilikuwa bado pale, imefunikwa.

20 Julai

Upepo wa moto wa kusini umeanza. Hakuna bahari. Sifuri.

21 Julai

Upepo. Sifuri. Vumbi kwenye meno. Madirisha yote tumefunga, tunakaa gizani mchana kama viazi. Enza alisogea kwenye mwanya wa mwanga akasoma gazeti kwa sauti, akiliambia gazeti lenyewe. Alisoma bei za ngano, kisha ajali, kisha vifo vyote vya mkoa, jina na umri. Nilijifanya nimelala. Nilisikiliza vyote.

22 Julai

Upepo. Vifo tisa.

28 Julai, Jumapili

Loredana alikuja na basi la asubuhi, akatununulia mkate mtamu na barafu ya lozi.

"Mmefika wapi?" aliniuliza.

"Dakika ishirini na mbili."

"Mama, sikuuliza goti."

Alimtazama Enza. Enza akainua mabega, akamkatia mkate.

2 Agosti

Dakika ishirini na tatu. Salamu moja. Leo nusura nijibu. Mdomo ulifunguka wenyewe kwa mazoea ya kuamka. Nikaujaza kahawa.

6 Agosti, sikukuu ya Mwokozi

Mji mzima ulishuka bandarini kutazama mlingoti. Wanaulaza juu ya maji, wameupaka mafuta na sabuni, vijana wanautembea mmoja mmoja wakijaribu kufika kwenye bendera ya mwishoni, na karibu wote wanaanguka vibaya. Bi Melina alitubebea viti, akakaa katikati yetu kama hakimu. Kijana mmoja aliyenona aliteleza hatua ya kwanza, akaukumbatia mlingoti kwa mikono na miguu, akaning'inia chini yake akimwomba Bikira Maria. Watu walicheka hadi kulia. Nami nilicheka. Enza alinyoosha mkono kupitia magotini kwa Bi Melina akanishika wangu, kama tulivyokuwa tukishikana utotoni mambo ya kuchekesha yakizidi.

Nikauvuta mkono wangu.

Sijui kwa nini sikunyamaza tu hapo. Nilisema, "Bi Melina, mwambie huyo aliye kushoto kwako kwamba mama alikaa siku mbili jeneza likiwa wazi. Padri alikuja mara tatu kuuliza. Theluji ilikuwa mpaka magotini, na mimi kila basi lilipofika nilikuwa kituoni. Mabasi manne kwa siku. Watu wakawa wanapita wananiuliza, Santina, bado? Nikawa nasema yuko njiani. Siku ya pili wakaacha kuuliza. Mwambie hapo ndipo nilipofunga jeneza kwa mikono yangu."

Bi Melina hakumwambia mtu kitu. Alitazama maji. Watu walishangilia, mtu alikuwa amefika kwenye bendera na hakuna hata mmoja wetu aliyemwona.

7 Agosti

Dakika ishirini na nne. Asubuhi hakunisalimu.

8 Agosti

Dakika ishirini. Hakunisalimu. Nyumba imekuwa kubwa.

9 Agosti, Ijumaa

Nitaandika yote. Dakika leo sikuhesabu.

Enza alitoka saa moja. Nilisikia mlango. Nilipofika ufukweni saa mbili taulo yake ilikuwa palepale pa kila siku na kandambili juu yake, lakini upepo ulikuwa umegeuka, unatoka kaskazini magharibi, na bahari nzima imejaa povu. Nilitazama boya. Sikuona kichwa. Nikajiambia yuko nyuma ya wimbi. Nikaingia kufanya dakika zangu. Kila wimbi liliposhuka nilitazama tena, na kila mara nikaona boya peke yake.

Nilitoka nikamwendea Totuccio aliyekuwa akifunga miavuli.

"Hajarudi," nikamwambia.

"Nani?"

"Huyo."

"Huyo nani, mama? Hapa kulikuwa na watu mia."

"Mdogo wangu," nikasema. "Mdogo wangu Enza yuko majini."

Hakuuliza zaidi. Aliwaita wawili, wakasukuma mashua ya mwokoaji, ikapanda wimbi la kwanza ikiwa imesimama karibu wima. Mimi niliambiwa nikae. Sikukaa. Niliingia. Maji yalifika mapajani, halafu kiunoni, halafu kifuani, na sikuona kuwa yamefika kifuani kwa sababu nilikuwa natazama mbali na kuita. "Enza." Nadhani niliita mara nyingi. Sauti ilitoka mbaya, ya kukwaruza.

"Dada, unakwenda wapi?"

Ilitoka nyuma yangu. Nikageuka. Alikuwa amesimama mchangani, pekupeku, na kitambaa cha meza chenye miraba mabegani, magoti yanatoka damu. Mkondo ulikuwa umemchukua hadi kwenye miamba chini ya ukuta wa kale. Alipanda mawe kwa mikono, akaingia mkahawani kwa mlango wa jiko, mpishi akamvisha kile kitambaa, naye akarudi kwa miguu kupitia barabara kuu katikati ya watu waliokuwa wakinywa kahawa. Hayo nilikuja kuambiwa baadaye. Wakati ule nilimwona tu, mzima, na wimbi likanipiga mgongoni.

Nilikwenda chini. Maji yaliingia puani na masikioni, na mchanga haukuwapo chini ya miguu, wala sikujua juu ni wapi. Nikashikwa kwapani.

"Nipe mkono. Usinishike shingo. Mkono, dada. Sasa goti zuri, kanyaga."

Tulitambaa mchangani kama kaa wawili. Nilitapika maji. Enza alinipigapiga mgongo, akaniondoa nywele usoni. Nikapata pumzi, nikamtazama, nikasema, "Umechelewa."

Neno la kwanza baada ya miaka ishirini na miwili. Sikulichagua.

Hakusema ni mkondo. Hakusema habari ya miamba. Alisema tu, "Najua."

Halafu tukamkumbuka Totuccio. Alikuwa bado huko nje, amesimama kwenye mashua inayoruka, akitafuta. Enza alichukua kitambaa cha meza akakipunga mpaka wakatuona.

10 Agosti

Bahari imechafuka, sifuri. Mwili wote unauma.

Baada ya chakula cha mchana, madirisha yakiwa yamefungwa kwa jua, aliketi upande wa pili wa meza na bakuli la maharage mabichi ya kumenya. Akaanza kusema bila mimi kumwuliza.

"Nilipanda treni. Hilo lazima ulijue. Telegramu ilifika asubuhi, jioni nilikuwa kwenye treni. Nilifika mpaka Napoli. Nikashuka kunywa maji, nikakaa kwenye benchi, treni ya kushuka Sicilia ikaja ikaondoka. Ikaja nyingine. Nilikaa hapo siku moja na nusu. Halafu nikapanda ya kurudi."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana."

"Calogero alikukataza?"

"Calogero alinipa koti lake nivae njiani. Niliporudi nilimdanganya kuwa theluji imefunga barabara. Niliogopa, dada. Nilikuwa sijamwona mama kwa miaka sita, na nikaona kwamba nisipomwona amelala pale, basi bado yuko jikoni Gangi anaosha vyombo. Ni upumbavu. Ndiyo sababu yenyewe, sina nyingine."

Kwa miaka yote nilikuwa nimemtungia sababu, ili nizikatae. Mume mkali. Mtoto mgonjwa. Nilikuwa na majibu ya zote. Hii sikuwa na jibu lake, kwa sababu jana nilikuwa nimesimama majini yakinifika kifuani na najua woga unavyofunga miguu.

Kisha akauliza, "Na barua zangu?"

Ningeweza kusema zilipotea. "Nilizichoma. Kwenye tanuri la mkate."

"Zote?"

"Zote. Bila kufungua."

"Hata ile ya ukingo mweusi?"

Niliikumbuka. Mwaka 1985, bahasha ndefu, ukingo mweusi kila upande, kama barua zote za msiba. Nilijua vizuri inasema nini. Makaa yalikuwa yamekula mapafu ya Calogero muda mrefu, Gangi nzima ilijua. Niliishika mkononi nikiwa nimefungua mlango wa tanuri.

"Hata hiyo," nikasema.

Alimaliza kumenya maharage yaliyobaki. Aliyaosha. Akaenda chumbani akafunga mlango taratibu, bila kuupiga. Afadhali angeupiga.

11 Agosti

"Habari za asubuhi, Enza," nilisema. Hakujibu.

12 Agosti

Dakika kumi, bahari imetulia. "Habari za asubuhi, Enza." Hakujibu. Aliogelea hadi kwenye boya. Nilisimama majini nikihesabu mipigo ya mikono yake mpaka aliporudi.

13 Agosti

Nilikaanga biringanya kwa siki na sukari. Nikamwachia sahani, nikaifunika. Bi Melina alinisikia nikimsalimu mtu asiyejibu.

"Hivi sasa mnapokezana?" akauliza kutoka chini. "Niambieni zamu inaisha lini, nami nipumzike."

15 Agosti

Sikukuu ya katikati ya Agosti, watu wamejazana ufukweni na masufuria yao. Loredana alikuja na tikiti maji. Nilimwambia Enza, "Kaa kivulini, mdogo wangu, utaungua." Enza akahamisha kiti upande wa pili wa mwavuli bila neno.

Loredana alinitazama, akamtazama yeye. "Ngojeni. Sasa ni nani asiyeongea na nani?"

"Yeye na mimi," nikasema. "Na ana haki."

Binti yangu alikaa chini mchangani na tikiti lake mapajani. Sijui alikuwa anacheka au analia, alikuwa amejifunika uso. Labda hajawahi kunisikia nikisema mtu mwingine ana haki.

17 Agosti, Jumamosi

Nimeamka mapema kutayarisha kahawa. Nilisema habari za asubuhi kama kawaida, nikageuka kutafuta vikombe.

"Inaungua," alisema.

Ilikuwa kweli inaungua. Nikazima moto. Nikimimina nikamwaga nusu.

Akaniambia keti. Akanisimulia Calogero alivyokufa. Naandika kidogo tu, kwa sababu ni lake. Miezi minne ya mwisho alilala ameketi, kwa kuwa akilala chali alikosa pumzi, na Enza alikaa nyuma yake kitandani akimwegemeza kifuani mwake ili apate usingizi. Asubuhi moja ya Machi alihisi uzito wake umebadilika. Hakuinuka. Alikaa vilevile mpaka mwanawe alipokuja saa nne. Yote hayo yalikuwa kwenye ile barua, kurasa saba.

"Niliandika kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyemjua tangu nilipokuwa msichana," alisema. "Aliyemwona akija kunichumbia na viatu vya kuazima."

"Kimoja kilikuwa kikubwa kuliko kingine," nikasema.

"Unakumbuka hilo?"

"Nilikuwa nyuma ya pazia. Baba alinipiga kofi kwa kucheka."

Alitaka kutabasamu, ikashindikana, akaweka kichwa mezani. Nilizunguka meza nikakaa nyuma yake. Nilimwomba msamaha, kwa maneno yenyewe, si kupitia kwa mtu. Halafu mimi nikamwambia ya mama: alichosema siku za mwisho, alivyokataa supu ya jirani, alivyouliza Ubelgiji sasa hivi ni saa ngapi. Hilo sikuwa nimemwambia mtu. Tulinywa kahawa iliyoungua.

Dakika: sifuri. Tulisahau bahari.

18 Agosti

"Habari za asubuhi, dada."

"Habari za asubuhi, Enza."

20 Agosti

Dakika thelathini. Enza anasema kutembea majini ni kazi ya bata, anataka nielee. Nimemwambia nina kilo moja ya chuma mguuni. Anasema meli zina zaidi.

22 Agosti

Somo la kwanza. Anaweka kiganja chini ya mgongo wangu, ananiambia nitazame juu nisifikirie kitu. Nikafikiria kila kitu. Nikazama. Totuccio alipiga makofi.

"Mama, umekunywa ngapi?"

"Nenda kafunge miavuli."

23 Agosti

Nilizama.

24 Agosti

Nilizama, ila kwa kuchelewa. Enza anasema hayo ni maendeleo.

27 Agosti

Bahari kama mafuta, saa mbili asubuhi. Nililala juu ya kiganja chake na masikio yakiwa ndani ya maji, nikisikia kokoto zikisagana chini. Niliona mwamba mkubwa wa mji umesimama kichwa chini juu ya paji la uso wangu. Nikasema, "Usiondoe mkono."

Sikusikia jibu. Nikageuza macho. Enza alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, mikono yote miwili juu ya kichwa chake, kama mtu aliyekamatwa na polisi.

Nilizama papo hapo. Lakini kabla ya hapo nilikuwa nimeelea, na Totuccio ni shahidi, anasema dakika moja kamili. Daktari ataipata humu: Jumanne, dakika moja.

30 Agosti

Tunafungasha. Bi Melina ametupa mtungi wa nyanya zilizokaushwa, mmoja, kwa wawili. "Mgawane wenyewe," amesema. "Mimi nimestaafu." Treni ya Enza kwenda Ubelgiji ni Jumanne.

Usiku wakati wa chakula alikuwa kimya, nikaogopa zamu imerudi. Kisha akasema, "Dada, nataka kupanda Gangi kwanza."

1 Septemba, Jumapili, Gangi

Loredana alitupeleka kwa gari. Njiani Enza aliuliza jambo moja tu, kama zizi la majirani zetu, kina Naselli, bado lipo. Halipo.

Kwenye lango la makaburi alisimama. Vidole vyake vilishika fito za lango. Sikumwambia njoo, wala sikumwambia usiogope. Nilishikilia maua nikasubiri. Loredana alijikuta ana jambo la kutafuta kwenye gari. Dakika zilipita, na safari hii sikuzihesabu.

Akaliachia lango, akaingia.

Nilimwonyesha safu, kisha nikaenda bombani kujaza chupa ya maua, nikaijaza polepole sana. Kutoka pale nilisikia sauti yake ila si maneno. Alisema kwa muda mrefu. Nadhani alimtajia wajukuu na vitukuu mmoja mmoja, kwa sababu alikuwa akihesabu kwa vidole. Niliporudi alikuwa amepiga magoti anasugua picha ya mama iliyobandikwa kwenye jiwe la kaburi kwa leso aliyoitemea mate, kama mama mwenyewe alivyokuwa akitusugua sisi mashavu kabla ya misa. Macho yalikuwa mekundu, lakini mkono ulikuwa imara.

"Hapa pembeni yake ni pa nani?" akauliza, akionyesha jiwe tupu.

"Pangu."

"Na hapa?"

Upande wa pili wa mama pana jiwe lingine tupu, limejaa majani ya misonobari. Mama aliomba nafasi tatu, miaka mingi kabla ya kufa. Baada yake watu wamenijia mara mbili kuniomba ile ya tatu, mara ya pili alikuwa binamu yetu wenyewe, na mara zote mbili niliwakatalia. Nilikuwa nachoma barua, na bado niliwakatalia.

"Pako," nikamwambia. "Pako tangu zamani."

Enza aliyapangusa majani kwa kiganja, akalitazama jiwe hilo kama mtu anayepima kitanda cha hotelini.

"Sina haraka nacho," akasema.

"Hata mimi changu."

Nikampa mkono ainuke, kwa kuwa magoti yake bado yana makovu ya miamba, naye akaniegemeza upande wa goti la chuma. Tulishuka hivyo hadi garini, tukibishana kama mchuzi wa mama ulikuwa na majani ya mrehani au haukuwa nayo. Haukuwa nayo. Kesho nitampikia, ataona.